Bei ya Mikono

Bahasha ya fundi ilikuwa nyembamba kuliko za wenzake, na karakana nzima iliona. Mwenye karakana, mzee aliyekuwa anafunga biashara kwa sababu mgongo ulikuwa umemshinda na jengo limepata mnunuzi, aliwaita mafundi wake watano mmoja mmoja hadi kwenye meza ya kukatia vitambaa. Ilikuwa Ijumaa mchana. Vyerehani vilikuwa vimeshafunikwa maturubai, sponji zimefungwa kamba, na sakafu imefagiwa vizuri kuliko ilivyowahi kufagiwa siku yoyote ya kazi.

"Haya, wewe sasa," mzee alisema fundi alipofika mbele yake. "Nimekata zile laki tatu ulizochukua wakati wa msiba wa baba mkwe wako. Nimekata na ile laki na nusu ya kodi ya nyumba. Imebaki elfu sabini. Hesabu hapahapa, tusije tukalaumiana."

Fundi akahesabu. Noti zilikuwa chache, lakini alichukua muda mrefu kuzimaliza kwa sababu alizirudia mara tatu. Wenzake wanne walijifanya kutazama dari. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma. Wangecheka, angecheka nao, mambo yakaisha.

Pale karakanani hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Chochote. Wateja wengi walimpenda, na kwa kuwa walimpenda walimfuata pembeni na kochi la nyumbani, au viti vya meza ya kulia, ili awafanyie Jumapili nje ya kazi ya mzee. "Utanifanyia kwa bei gani, fundi?" wangemuuliza. Naye angejikuna kisogo, atazame viatu vyake, aseme, "Kitambaa utanunua, sponji utanunua. Mimi nipe chochote tu." Na watu walimpa chochote. Binadamu ukimwambia akupe chochote hukupa kidogo, tena kwa moyo mweupe kabisa, akiamini kwamba amekutendea wema.

"Ndiyo tunaagana hivihivi, midomo mikavu?" mmoja wa mafundi aliuliza walipotoka nje. Macho yote yakamgeukia Chochote, kwa mazoea tu, maana kila mwisho wa mwezi ndiye aliyekuwa akinunua. Hakuweza kuyavumilia macho hayo. Aliingia dukani, akatoka na soda tano, akazilipia elfu tano kutoka kwenye bahasha ileile. Wakanywa wakiwa wamesimama kivulini, wakatakiana heri.

Fundi mmoja alimaliza soda yake, akarudisha chupa, akatoa noti ya elfu moja mfukoni. "Shika, ya kwangu hii," alisema.

"Unaniaibisha bwana," Chochote akasema, akaisukuma ile noti.

"Nakuaibisha vipi? Nimekunywa, nalipa."

"Rudisha mfukoni. Siku ya mwisho hii."

Huyo alikuwa Msumari, aliyeitwa hivyo kwa tabia yake ya kujaza misumari midogo mdomoni akiwa kazini na kuitema mmoja mmoja kila alipohitaji. Yeye na Chochote walianza kazi wiki moja, benchi moja, kwa mshahara uleule, miaka kumi na minne iliyopita. Sasa Msumari alikuwa na vyumba vinne vya kupangisha na cha tano kilikuwa kimebakiza lipu. Wengine walisema ana dawa. Wengine walisema mkewe ametoka kwenye mali. Chochote mwenyewe, akiwa ametulia, aliamini kwamba mwenzake ni bahili tu, na imani hiyo ilimsaidia kulala vizuri.

*

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili na kochi moja. Fremu ya kochi hilo aliitengeneza fundi mwenyewe miaka tisa nyuma, ya mbao ngumu, haitikisiki hata ukiirukia, na mpaka leo lilikuwa halijavishwa kitambaa. Sponji ilifunikwa shuka la kitandani. Wageni walipoona kochi la fundi makochi limevaa shuka walicheka, na mke wa fundi alikuwa akicheka nao mwaka wa kwanza.

Jumamosi alasiri mke huyo alirudi kutoka kazini. Alikuwa karani wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kuandika kila kinachotoka: saruji mifuko sita, misumari kilo mbili, sahihi hapa. Aliikuta bahasha mezani. Akaichukua, akaimimina, akaitikisa tena kana kwamba kuna kitu kimenasa ndani.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hiyo. Alikata madeni."

"Na Jumatatu unaenda wapi?"

"Siendi popote. Karakana imefungwa, nimekwambia jana."

Hakupiga kelele. Aliketi kwenye ukingo wa kochi na kuvua viatu vya kazini. Binti yao, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshika barua ya chuo cha maabara ambayo alikuwa ameikunja na kuikunjua tangu Alhamisi mpaka ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Nafasi alikuwa ameipata. Mwaka jana aliomba akakosa kwa alama moja, mwaka huu akaomba tena. Chuo kilitaka laki tano za kuanzia, zilipwe benki kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Isipolipwa, nafasi itapewa anayefuata kwenye orodha. Barua ilisema hivyo bila kumung'unya maneno.

"Kwenye simu yangu kuna laki na nusu," mama alisema. "Ukichanganya na hii ya baba yako..."

"Laki mbili na elfu kumi na tano," binti akamaliza haraka, kisha akaona aibu kwa haraka yake.

"Kuna mtu unamdai?" mke akamuuliza mumewe.

"Simdai mtu," fundi alijibu, na mgongo ukamnyooka kidogo, kwa maana hilo alilihesabu kuwa ni sifa. "Kila niliyemfanyia kazi alinipa."

"Alikupa nini? Yule mwenye duka la dawa, kochi lake la watu watatu. Ulienda Jumapili ngapi?"

"Tatu."

"Akakupa nini?"

Fundi akatazama mlangoni. "Elfu kumi na tano."

"Na nini kingine? Sema tu."

"Na dawa ya kikohozi. Chupa mbili."

Binti alibana midomo lakini kicheko kilimponyoka. Mama yake naye akacheka, baba akacheka pia, wote watatu wakacheka mpaka machozi, maana kweli ilichekesha: siku tatu za mtu mzima mwenye ufundi wake, na chupa mbili za dawa ya kikohozi ndani ya nyumba isiyo na mtu anayekohoa. Kisha kicheko kikaisha, na kilichobaki hakikumfurahisha yeyote.

"Baba," mke alisema taratibu. Alimwita hivyo alipokuwa na jambo zito. "Mimi pale stoo haitoki hata bolti moja bila karatasi. Ikitoka bila karatasi nakatwa mshahara. Wewe siku zako zinatoka mlangoni hivihivi, kila Jumapili, na hakuna anayesaini."

"Sasa unataka niwe kama Msumari? Anayelipa soda yake mbele za watu kama mgeni?"

"Nataka mtoto aende chuo."

Fundi alinyanyuka, akatoka nje, akasimama kwenye kibaraza akitazama watu wanaopita. Alijisikia ameonewa, na chini kabisa, mahali asipopenda kuchungulia, alijua hajaonewa.

*

Jumapili asubuhi alikwenda kwa Msumari kukopa laki tatu. Njia nzima alifanya mazoezi ya maneno, na maneno yote yalianza na "samahani".

Alimkuta juu ya ngazi akipiga lipu chumba cha tano, kaptula imejaa saruji. Msumari akashuka, akanawa mikono kwenye ndoo, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Mkewe alileta chai, akamsalimu shemeji yake, akarudi ndani.

"Sikukopeshi," Msumari alisema.

Chochote akaweka kikombe chini. Masikio yalimwaka moto. "Basi, nashukuru. Acha niende."

"Kaa chini. Hujaniuliza kwa nini."

"Nakujua. Wewe una vyumba vinne na roho moja ndogo." Aliposikia alichosema alishtuka, lakini kwa kuwa kilikuwa kimeshatoka, aliendelea. "Wewe ulipewa kiwanja na mjomba wako. Mimi ni kifungua mimba wa watu wanane. Mdogo wangu akiumwa ni mimi, akioa ni mimi, bati la mama likivuja ni mimi. Usinifanye mjinga nisiyejua kuweka akiba. Ya kuweka iko wapi?"

Msumari hakukasirika. Alijikwangua saruji iliyokauka kwenye kiwiko. "Kiwanja nilipewa," alisema. "Hilo silikatai, na anayesema nimejitafutia kila kitu mwenyewe, mkatalie. Ningekuwa na mzigo wako wa ndugu ningekuwa na chumba kimoja, si vinne. Lakini kimoja ningekuwa nacho."

"Kwa mshahara uleule?"

"Mshahara haujawahi kujenga hata choo. Mimi nimejenga kwa Jumapili. Wewe nawe ulikuwa na Jumapili, tena wateja wako walikuwa wengi kuliko wangu, kwa sababu mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Unajua mzee alikuwa anamtoza mteja kiasi gani kwa kiti kimoja? Mikono tu, bila kitambaa?"

"Sijui."

"Miaka kumi na minne hujawahi kusoma risiti?"

"Risiti zilikuwa za mzee."

"Elfu kumi na mbili. Kiti kimoja. Wewe ukimaliza viti vitano kwa siku unampa elfu sitini, yeye anakupa ishirini. Simlaumu, mashine zake, jengo lake, kodi yake. Lakini Jumapili unamfuata mteja yuleyule, kazi ileile, unamwambia nipe chochote. Nani alikutuma?"

Chochote alikuwa anapiga hesabu, na hesabu hiyo ilimkataa kila alipojaribu kuifunga.

Ndipo Msumari akaeleza kwa nini hamkopeshi. Wiki iliyopita mama mmoja mwenye ukumbi wa sherehe alileta kiti cha mfano karakanani. Alikuwa na viti themanini vya kuvisha upya, kalio na mgongo, na alivitaka ndani ya wiki tatu. Mzee alikuwa ameshakata shauri la kufunga, hakuichukua kazi. Msumari alikuwa ameahidi kazi kwingine. "Nimempigia simu jana. Nimemwambia Jumanne saa nne atakuja mwenzangu. Nikikupa laki tatu, utalipa chuo, halafu utaenda kwa yule mama na deni langu kichwani, umwambie akupe chochote. Nakujua. Stepla yangu kubwa chukua, hiyo nakuazima. Kiti cha mfano kiko pale, beba. Bei utataja mwenyewe."

"Akikataa?"

"Akikataa mtazungumza. Lakini ukishataja, nyamaza. Usiongeze neno hata moja, maana neno lako la pili siku zote linapunguza. Mimi najaza misumari mdomoni, unadhani napenda ladha ya chuma?"

Chochote alicheka bila kutaka. Alibeba kiti begani na stepla mkononi, akarudi nyumbani bila mkopo, na njiani watu wawili walimuuliza kama anauza kiti.

*

Jumatatu jioni, kukiwa bado kweupe, wote watatu walikuwa sebuleni. Kiti cha ukumbini kilikaa katikati, na binti alishika simu ya mama yake kupima muda. Fundi alifungua skrubu nne, akatoa kalio na mgongo, akang'oa pini za zamani kwa bisibisi bapa, akabandua kitambaa cha zamani na kukilaza juu ya kipande kipya cha masalio ya karakana ili kimpe kipimo. Alikata, akabandika sponji, akavuta kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni, pini moja mbele, moja nyuma, moja kila upande, kisha kona. Kwenye kona ndipo mafundi wengi hujulikana. Zake zilikaa mkunjo mmoja tu, umebanwa kabisa. Mkewe, ambaye hakuwa amemwona akifanya kazi kwa miaka mingi kwa kuwa Jumapili zote alikuwa nyumbani kwa watu, aliacha alichokuwa anafanya akamtazama.

"Saa moja na dakika ishirini na nane," binti alisema.

"Weka saa moja na nusu. Mara themanini?"

"Masaa mia na ishirini. Siku kumi na tano kwa masaa manane."

"Na bei ya mzee ni elfu kumi na mbili," mke alisema, akiandika kwa mwandiko wake wa stoo. "Laki tisa na elfu sitini. Nusu kabla ya kuanza, laki nne na themanini."

Fundi alisimama ghafla kana kwamba kiti kimemchoma. "Hapana. Hapana, mke wangu. Hiyo si bei, huo ni wizi. Mimi nilifikiria laki mbili. Mbili na nusu, akiwa mtu mwema."

"Siku kumi na tano kwa mzee ulikuwa unapata laki tatu. Unataka yule mama umpe na punguzo la mshahara wako?"

"Atanifukuza."

"Haya, mimi ndiye yule mama." Mke alijifunga kitenge vizuri, akaketi kwenye kochi lenye shuka kwa madaha, miguu pamoja, akatazama kucha zake. "Karibu, fundi. Viti vyangu ndivyo hivyo. Kila kimoja bei gani?"

Fundi akajikuna kisogo. "Elfu kumi na mbili, mama. Ila tunaweza kuzungumza."

"Baba!" binti alipiga makofi. "Hajasema kitu!"

"Tena," mke alisema.

"Elfu kumi na mbili. Au kama unaona ni nyingi..."

"Tena."

"Elfu kumi na mbili, lakini kwa kuwa ni vingi..."

Mara ya nne, simu yake iliita. Alikuwa mdogo wake wa tatu, akitaka elfu thelathini za dharura, ya nne tangu mwaka uanze. Mke na binti walimtazama. Fundi alifungua mdomo kusema nitaona, kama alivyosema siku zote, na nitaona yake siku zote ilikuwa ndiyo. "Leo sina," alisema. "Nipigie mwisho wa mwezi." Alikata simu, akaificha chini ya mabaki ya sponji, kwa sababu alimpenda mdogo wake na kwa sababu alikuwa hajawahi kusema sentensi hiyo.

Aliketi chini sakafuni, mgongo kwenye fremu ya kochi. "Mnajua tatizo langu?" aliwaambia, bila kumtazama yeyote. "Nikitaja bei naona kama naomba. Naona mtu ananitazama, anasema, kumbe na huyu naye ana njaa."

Mkewe aliachana na madaha ya yule mama, akaja kuketi karibu yake. "Anayesema nipe chochote ndiye anayeomba," alisema. "Anayetaja bei anauza."

Binti alichukua kiti kilichovishwa upya, akakiweka mbele ya baba yake, akarudi kukaa. Kilikuwa kizuri mno kwa nyumba ile.

"Tena," fundi alisema mwenyewe.

*

Ukumbi ulikuwa mkubwa, dari ya juu, harufu ya sabuni ya sakafu na maua yaliyonyauka. Viti sabini na tisa vilikuwa vimepandanishwa kwa safu ndefu karibu na jukwaa. Fundi alifika saa nne kasoro robo, shati limepigwa pasi na mkewe, kiti cha mfano begani. Mwenye ukumbi alikuja akizungumza kwenye simu, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, funguo nyingi kiunoni. Alimwonyesha kwa kidole akiweke chini. Akazunguka kiti kile, akapitisha dole gumba kwenye kona, akakigeuza akatazama chini, mahali ambapo mafundi wavivu huficha uvivu wao. Akakata simu.

"Hiki umefanya wewe?"

"Mimi, mama."

"Mwenyewe? Hukumpa mtu?"

"Mwenyewe, kwa mikono hii."

"Kitambaa ninacho, sponji nitaleta kesho. Nina harusi tarehe ishirini na nane, siwezi kuwakalisha wakwe za watu kwenye matambara haya. Mikono yako bei gani?"

Viatu vyake vilimwita avitazame, akakataa kuvitazama. Alimtazama yule mama usoni.

"Elfu kumi na mbili kwa kiti," alisema. "Nusu kabla ya kuanza."

Akanyamaza. Alijiandaa kwa vita. Usiku kucha alikuwa amejiandaa: atashangaa, atashika kiuno, atasema ana fundi mwingine wa elfu nne, atamwita mwizi, na yeye atauma meno, hatasema neno la pili hata jengo likianguka.

"Sawa," yule mama alisema. "Utaanza kesho? Nipe namba nikutumie hiyo nusu."

Hakupepesa macho. Hakufikiri hata kwa muda wa kuvuta pumzi. Alikuwa ameshafungua simu yake na kidole kinasubiri namba. Fundi alitaja namba, akakosea, akataja tena. Simu yake ikatoa mlio mfukoni: laki nne na elfu themanini. Yule mama alikuwa ameshamgeukia mfagizi na kuanza kumgombeza kuhusu madirisha.

"Kuna tatizo, fundi?" aliuliza alipoona hajaondoka.

"Hakuna, mama. Kesho saa mbili niko hapa."

*

Kwenye dirisha la stoo, nyuma ya wavu, mke wa fundi alikuwa anamwandikia mtu mabati alipomwona mumewe amesimama mwisho wa foleni, nyuma ya waashi wawili na mtu wa mabomba. Hakumwita. Aliwahudumia wote, karatasi kwa karatasi, sahihi kwa sahihi. Fundi alipofika dirishani alipitisha simu chini ya wavu, skrini ikiwa wazi.

Mke akasoma. Akasoma tena. Akaziba mdomo kwa kiganja na kuruka mara mbili hapo alipo kama msichana, kalamu ikaanguka.

"Alibisha sana?"

"Hakubisha."

"Hata kidogo?"

"Alisema sawa." Fundi alishika wavu. "Alisema sawa kama mtu aliyeulizwa saa."

Ndipo mke alipoutazama uso wake vizuri na kuona kwamba mumewe hakuwa na furaha aliyoitarajia. Aligeuza kibao cha dirishani kisomeke rudi baada ya dakika kumi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi, akafungua mlango wa pembeni, akatoka. Waliketi juu ya mifuko ya saruji iliyopangwa ukutani. Fundi aliinamisha kichwa, na machozi yakamtoka waziwazi, mwanamume mzima, mbele ya wateja, na hakuyafuta.

"Nimetembea kutoka kule kwa miguu," alisema. "Nikawa nahesabu Jumapili. Mwenye duka la dawa. Makochi ya yule mwalimu. Viti vya kanisa, vya msikiti, vya ile ofisi ya ardhi. Kila mmoja nikimtajia bei yake ya haki, na kila mmoja ananijibu sawa. Wangesema sawa, mke wangu. Wote wangesema sawa. Hakuna aliyenidhulumu."

"Umefika wapi kwenye hesabu?"

"Nimepata kiwanja. Nimepata msingi, kuta, bati juu. Nimefika kwenye madirisha nikashindwa kuendelea."

Mkewe alimshika mkono, ule wa kulia, wenye sugu ya mkasi kwenye kidole gumba, akaukalisha mapajani mwake. Alitaka kumwambia asilie, akaona si haki. Alimwacha alie mpaka akamaliza, wakati mteja mmoja amesimama dirishani akisoma kibao na kutazama saa yake.

Kisha akasimama, akapangusa saruji kwenye sketi.

"Madirisha tutanunua," alisema. "Amka twende. Nitaomba ruhusa ya saa moja, benki iko hapo mbele na mtoto anasubiri nyumbani na barua yake."

Fundi akaamka, akajifuta uso kwa mkono wa shati lililopigwa pasi, na wote wawili wakavuka barabara.